Siku Tuliyosimika Kibao cha Baba

Kwenye aibu hii sikusukumwa na mtu, niliifuata mwenyewe kwa miguu yangu, tena miezi mitatu tu baada ya kumzika baba, wakati bado siongei sana na watu.

Mtaani kwetu Kihesa walikuja watu wa anwani kuandika majina ya njia, na mwenyekiti wetu akauliza mkutanoni, "Hii ya kushuka mtoni tuipe jina la nani?" Mimi ambaye sijawahi kunyoosha kidole (hata shuleni sikunyoosha, labda ndiyo maana niliishia la saba) nikasimama nikasema baba yangu, Mzee Sigala, ndiye aliyeichimba kwa jembe lake, nilimwona kwa macho yangu nikiwa mtoto. Wakapiga makofi. Nilifurahi kwamba jina lake halitaishia kwenye msalaba wa kaburi.

Siku ya kusimika kibao nikapika pilau, nikaita kwaya, mchungaji akaomba, na kwa kunogewa nikampa kipaza sauti Bibi Vaileti, jirani mkongwe kuliko wote, awaeleze watoto jinsi baba alivyojitolea. (Ningekuwa nimekaa kimya hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia.)

"Kamweneee!" Bibi akawasalimu watu kwa Kihehe. "Sigala kujitolea? Huyo aliilima njia yetu akapanda mahindi! Msimu mzima tunazungukia kwenye tope. Wazee wakamhukumu aichimbe upya, peke yake, na sisi tumekaa tunamtazama!"

Kwaya nzima ikacheka, mchungaji akajifanya anakohoa, mimi nimesimama na mwiko mkononi, masikio yanawaka moto.

Nikasema, "Mwenyekiti, king'oeni. Nimewadanganya bila kujua."

"We mama Neema, tulia," Bibi akanikatiza. "Nani kasema king'olewe? Alichimba kwa hasira akapitiliza, akaipanua mpaka gari linapita, na mfereji wake haujaziba hadi leo. Kuna mwingine aliyeichimba?"

Mwenyekiti akashindilia udongo, tukala pilau.

Kibao kipo. Watoto wakiniuliza Sigala alikuwa nani, nawaelezea yote, naanzia kwenye mahindi, na tunacheka pamoja. Ila ushahidi wa mambo niliyoyaona nikiwa na miaka mitano sitautoa tena mbele ya watu kabla sijamuuliza bibi mmoja kwanza, jikoni kwake, bila kipaza sauti.