Dakika Kumi na Moja za Fundi Kanda

Saa tatu asubuhi, Jumamosi. Fundi Kanda ameinamia meza yenye bisibisi tatu, chupa ya spiriti na rundo la pamba. Mbele yake kuna kanda ya video iliyofunguliwa tumbo. Anazungusha gurudumu lake kwa kidole, anafuta ukungu mweupe, anatupa pamba, anachukua nyingine. Mwandishi wa makala haya amemuuliza swali mara mbili, hajajibiwa.

"Subiri kwanza," anasema hatimaye. "Mimi kanda hii nimeisubiri miaka karibu thelathini, wewe dakika tano zinakushinda?"

Jina lake la kuzaliwa wateja wengi hawalijui. Ana miaka 49, ni baba wa mabinti wawili, na katika chumba hiki kilichobanana na kinyozi anasafisha kanda za zamani na kuzihamishia kwenye flashi: harusi, mahafali, sauti za watu waliokwisha kutangulia. Kwa wiki hupata kanda nne au tano. Zikikosekana, anatengeneza redio na pasi.

"Mama watoto alishaniambia niingie kwenye simu kama wenzangu," anasema. "Nikamjibu, simu zina mafundi kila kona. Kanda zina nani?"

Ukutani kuna kanda 612 za filamu, karibu zote za miaka ya tisini. Haziuzwi kwa bei yoyote. Kila Jumamosi saa nne wapenzi wa filamu hizo hukaa kwenye mabenchi mawili, wakatazama moja na kuibishania kama vile imetoka jana. Muuza nyama wa mtaa ndiye bingwa wa kelele. Kwake yeye, filamu ziliharibika siku steringi, shujaa mkuu, alipoanza kufa.

"Zamani adui akiingia tu unamjua, hata muziki unakuambia," hupenda kusema. "Siku hizi giza tupu. Hujui nani anampiga nani, na tiketi umelipa."

Leo, hata hivyo, Fundi ana jambo moyoni. Kabla wenzake hawajafika, anaamua kulitoa.

Mwaka 1996, akiwa na miaka kumi na tisa, aliajiriwa kwenye banda la video. Siku moja ikaletwa filamu mpya: dereva wa lori anamtafuta mdogo wake waliyegombana. Anazunguka nchi nzima, analala garini, anaibiwa, anapigwa, mpaka anasikia mdogo wake ameonekana kwenye daraja fulani. Lori linakata kona kuelekea darajani, na hapo umeme wa banda ukakatika. Watu wakaambiwa warudi kesho wamalizie.

Kesho yake mchana kulikuwa na fainali ya mpira kwenye televisheni, na Fundi alitaka kuirekodi. Kanda za filamu huja zimevunjwa kijino cha plastiki mgongoni ili deki ya video isirekodi juu yake. Kila kijana wa banda alijua dawa yake: ziba tundu linalobaki kwa selotepu, deki itakubali. Akachukua kanda aliyodhani ni kuukuu ya miereka, akaziba, akabonyeza, akaenda kula.

"Jioni banda limefurika," anakumbuka. "Lori linakaribia daraja, watu wamebana pumzi. Mara wakatokea wachezaji wanaingia uwanjani! Kumbe ndiyo kanda niliyoiziba, na nilianza kurekodi pale pale ilipokuwa imesimama. Dakika kumi na moja za mpira, na tepu ikaisha."

Tajiri wa banda alikuwa safarini, na kazi ya Fundi ilikuwa hatarini. Fundi alizima televisheni haraka, akasema tepu ina hitilafu ila yeye jana alibaki, umeme uliporudi akaimalizia. Akasimama mbele ya umati, akasimulia mwisho ambao hakuwahi kuuona. Dereva anamkuta mdogo wake darajani. Hamlaumu, hamwombi radhi. Anamfungulia mlango wa lori na kumwambia: "Panda, twende nyumbani."

"Watu walilia. Mimi mwenyewe nililia, na najua nimeitunga!"

Kanda nyingine ya filamu ile haikupatikana. Kwa kumbukumbu zake, alisimulia mwisho huo zaidi ya mara arobaini. Wiki tatu zilizopita muuguzi mmoja alimletea kasha la kanda za marehemu baba yake, na ndani yake imo filamu hiyo, nzima. Ameijaribu nusu saa ya mwanzo, akaishia hapo; asubuhi hii anaipitisha pamba ya mwisho.

Hofu yake ina sura ya mtu mmoja, fundi cherehani anayekaa benchi la mbele. Mama huyu alikuwa na miaka sita bila kusemezana na kaka yake, kisa nyumba ya baba yao. Asubuhi iliyofuata baada ya filamu ile alikwenda kumtafuta. Ameieleza habari hiyo kwenye benchi mara nyingi.

"Nikimwambia nilitunga, nitakuwa nimemnyang'anya nini?" anauliza Fundi. "Nisipomwambia, ataona mwenyewe leo."

Saa nne mabenchi yamejaa. Fundi cherehani amekuja na kaka yake, fundi baiskeli mwenye maneno machache. Fundi Kanda anasimama mbele ya televisheni, pale pale anaposimama mtu mwenye la kusema, na analisema lote: mpira, selotepu, uongo.

"Kwa hiyo 'panda, twende nyumbani' ni wewe?" anauliza fundi cherehani.

"Ni mimi, dada."

"Maneno hayo uliyatoa wapi?"

"Sijui. Watu walikuwa wananiangalia."

Fundi cherehani anaelekeza kidole kwenye deki. "Weka tuone."

Wanaona. Lori linafika darajani na mdogo mtu hayupo. Kuna koti lake tu, limetundikwa kwenye chuma. Dereva analichukua, analiweka kwenye kiti cha pembeni, anageuza gari. Majina yanaanza kupanda.

"Ndiyo basi?" analipuka muuza nyama. "Safari yote ile, koti?"

Ubishi unawaka. Wapo wanaosema mwisho huu ndio wa kweli, maana duniani si kila unayemtafuta utamkuta. Wengine wanataka mwisho waliouzoea urudishwe. Katikati ya makelele, fundi baiskeli anamgeukia dada yake.

"Siku ile ulipokuja kwangu ulisema maneno hayo hayo. Ulisimama mlangoni ukasema, 'Twende nyumbani.' Kumbe ulinipa maneno ya filamu?"

"Nilikosa ya kwangu, kaka. Nilikuwa nimeshikwa na aibu."

"Miaka yote hii mimi najua ni yako!"

"Yangu siyo," anasema dada yake, akimwonyesha Fundi kwa kidevu. "Na ya filamu siyo. Ni ya huyu mwongo." Anacheka mpaka anafuta machozi kwa upindo wa kitenge, na kaka yake anacheka naye. Fundi Kanda anaketi.

Wanapotulia, wanamkalia kooni. Ule mwisho wake usiishie hewani. Binti mkubwa wa Fundi ana kamera anayoikodisha kwenye sherehe, na Jumamosi ijayo atamrekodi akisimulia. Fundi cherehani ameshamchukua vipimo vya shati.

Na kanda ipo. Kutoka nyuma ya deki Fundi anatoa ile ya mwaka 1996, ambayo hajawahi kumwazima mtu. Mgongoni ina selotepu iliyogeuka rangi ya chai. Mpango wake ni kurekodi simulizi yake juu ya ule mpira, dakika kumi na moja kamili, lori likishakata kona kwenda darajani.

"Nikimaliza," anasema, akipitisha ukucha kwenye ukingo wa selotepu, "nabandua hii. Asije akatokea mjinga mwingine na fainali yake."