Kipilefti cha Tatu

Shemeji yangu wanamwita Bi Koni kwa ajili ya zile koni za plastiki za rangi ya machungwa. Ofisi ya barabara ya jiji inazo mia mbili na kumi, na yeye peke yake ndiye anayejua ziko wapi. Ukimkuta njiani ameinamisha kichwa, usidhani amedondosa kitu. Anapima upana wa lami kwa hatua zake. Kazi yake ni kupanga usalama wa michezo ya barabarani: mbio za miguu, mbio za baiskeli, na yale matembezi ambayo watu hutembea kidogo na kupigana picha sana.

Mimi ni fundi baiskeli, mdogo wa mumewe, na haya nayasema nikiwa na hasira. Nimezingoja zipoe, hazipoi.

Kaka yangu, yaani huyo mumewe, tunamwita Mkia. Kila mwaka anaingia mbio za baiskeli za jiji na kila mwaka anashika mkia. Ana kilo mia moja na nne, goti moja bovu, na baiskeli nyeusi ya chuma ambayo nimeibadilisha vipuri mpaka kilichobaki cha asili ni fremu. Ukimwambia abaki nyumbani anakucheka. "Nisipokuwepo wa mwisho," husema, "mtajuaje mbio zimekwisha?"

Yeye alikuwa anatania, lakini mkewe alilichukua neno hilo akalifanyia kazi. Wakubwa hupanga mbio kwa ajili ya yule atakayekata utepe, maana ndiye atakayepigwa picha. Bi Koni alianza na wa nyuma kabisa. Barabara ikishafunguliwa, huyu yuko na nani?

Njia ya mwaka huu ilikuwa ya kilomita tisa, na ilitakiwa izungukwe mara tatu. Ina vipilefti vinne, vile visiwa vya duara ambapo magari huzunguka kupishana. Kile cha tatu kiko mbele ya lango la maghala, na malori hutoka pale tangu alfajiri, yamejaa, madereva wana haraka zao. Mwaka jana tairi la lori lilipita kwenye baiskeli ya mwalimu mmoja aliyekuwa ameruka sekunde ile ile. Baiskeli nililetewa mimi. Niliikunja zaidi ili iingie kwenye pipa la vyuma chakavu.

Kwa hiyo shemeji aliandika hivi, na nakala yake ninayo: "Trafiki mmoja asimame kipilefti cha tatu. Malori yasitoke ghalani mpaka mwendesha baiskeli wa mwisho amalize raundi ya tatu." Sentensi mbili. Hata mtu mwenye usingizi angeelewa.

Wiki saba alizunguka na karatasi hiyo. Hospitalini walimwambia gari la wagonjwa lipo ila dereva ana likizo. Akarudi mara nne mpaka likizo ikasogezwa. Mwenyekiti wa chama cha baiskeli alimwona kero.

"Mama, unatutisha wafadhili," alimwambia, mkono mmoja ameshika sampuli ya fulana. "Kila ukurasa ajali, ajali. Andika hata furaha kidogo."

"Furaha utaiandika wewe kwenye fulana," akamjibu. "Mimi niachie mitaro."

Polisi walimwambia njoo kesho, na kesho yake wakamwambia mbona hukuja jana. Alikuwa akipita kwangu jioni, anavua viatu, anakaa juu ya kopo la grisi. Namjua shemeji yangu. Akikaa hivyo, kuna mtu amemkera mpaka kwenye mifupa.

Siku aliyokuja akiwa amekereka kuliko zote ilikuwa siku aliyotoka kwa mkuu wa idara. Mkuu huyu ana kalamu nyekundu na anajivunia lugha yake. Alimwita ofisini akamketisha.

"Raundi? Kipilefti? Huu ni waraka wa ofisi, mama, si gereji."

"Mkuu, ndivyo wanavyosema trafiki wenyewe."

"Ndiyo maana hawajifunzi. Raundi ni mzunguko. Kipilefti ni mzunguko. Kiswahili kinajitosheleza."

"Sasa vyote viwili vikiwa mzunguko, mtu atajuaje kipi ni kipi?"

"Atasoma kwa makini."

Akafuta mwenyewe, kwa mstari ulionyooka vizuri. Shemeji akaomba basi mchoro wa njia ubaki umeambatanishwa. Mkuu akasema waraka mzuri ni ukurasa mmoja. Mchoro nao ukaondolewa. Waraka ukagongwa mhuri, ukasambazwa, na Bi Koni akabaki na kazi ya kuzunguka tena akieleza kwa mdomo kile ambacho karatasi ilikuwa imekieleza vizuri kabla haijasanifishwa. Alikwenda mpaka kwa afande aliyepangiwa maghala. Akampeleka pale pale, akamwonyesha lango, wakaelewana.

Asubuhi ya mbio afande yule akapelekwa kusindikiza mgeni. Akaletwa mwingine, kijana mpole, na ile karatasi mkononi.

Mimi nilikuwa hapo hapo kipilefti cha tatu na sanduku langu la spana, kwa ajili ya pancha. Shemeji alikuwa kwenye utepe na redio ya mkononi. Waendeshaji wakapita wote, na nyuma yao, kwa mbali, akaja kaka yangu, anapumua kwa kelele, akanikonyeza. Ilikuwa raundi ya kwanza. Akazunguka kisiwa, akashika barabara ya mtaroni.

Afande akatazama karatasi, akamtazama Mkia mgongoni, akageuka na kulipungia mkono lango la maghala.

"Afande, unafanya nini?" nikamfokea. "Bado raundi mbili!"

"Huyo si ndiye wa mwisho?"

"Ndiye!"

"Na hapa si mzunguko wa tatu?"

Akanisomea. Malori yasitoke ghalani mpaka mwendesha baiskeli wa mwisho amalize mzunguko wa tatu. Alikuwa amesoma kwa makini. Nilimwona Mkia akiumaliza, na yeye alimwona, na lori la kwanza lilikuwa limeshatupita.

Nilikimbia. Sijui nilidhani nitalifanya nini lori. Dereva alimpita kaka karibu mno, baiskeli ikayumba, na Mkia akaingia mtaroni na kilo zake zote. Nilipofika alikuwa amekaa ndani ya maji machafu, mkono mmoja unaning'inia, uso umekuwa wa kijivu. "Wa kwanza wamefika?" akaniuliza. Nilitaka kumpiga, Mungu anisamehe, kwa jinsi nilivyoogopa.

Gari la wagonjwa lilifika kabla sijamaliza kumvua kofia, likiendeshwa na yule yule dereva wa likizo. Mtulinga ulivunjika na mbavu mbili. Daktari alisema lori lingemkaribia kwa kiganja kimoja tu zaidi, tungekuwa tunazungumza mengine. Shemeji alisimama kando ya kitanda na redio bado mkononi, inakoroma, amesahau kuizima.

Wiki iliyofuata akaandikiwa barua ya kujieleza. Mpango ulikuwa na jina lake chini, na kalamu nyekundu haina jina. Akajieleza. Alikaa kwenye kopo langu la grisi akaandika kwa mkono, bila tusi hata moja, ingawa mimi nilimtajia machache ya kuchagua. Sehemu yenyewe ilisema: "Chanzo cha ajali ni kubadilisha maneno raundi na kipilefti, yote mawili, kuwa mzunguko."

Jana barua ile ilirudi. Haikuja na jibu, ilikuja na masahihisho. Mkuu ameona maneno ya gereji tena, akayafuta, akaandika ya ofisini juu yake. Imeagizwa ipigwe chapa upya na kurudishwa ikiwa safi. Shemeji alinisomea kwa sauti, polepole:

"Chanzo cha ajali ni kubadilisha maneno mzunguko na mzunguko, yote mawili, kuwa mzunguko."

Nilicheka mpaka nikaona yeye hacheki. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa sketi, akatazama rafu yangu ya juu ninakoweka rangi za fremu.

"Shemeji, ile nyekundu ya mafuta inakaa miaka mingapi kwenye saruji?"

"Mitano. Sita isipokwanguliwa."

"Nipe na brashi pana."

Nilimbebea kopo. Mchana kweupe, magari yakizunguka na kutupigia honi, alipiga magoti kwenye ukingo wa kile kisiwa mbele ya maghala akaandika kwa herufi ndefu kama mkono wake: KIPILEFTI 3. Kisha akasimama, akafuta vidole kwenye ile barua, na kuniambia bado vipilefti vitatu.