Karatasi Kabla ya Kiatu

Saa tatu kasorobo asubuhi, Jumamosi, na Dada Tangazo bado hajathubutu kuifungua kompyuta. Ameifuta vumbi mara mbili. Amesogeza kikombe cha chai iliyokwisha kupoa. Sasa anaikodolea macho kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo hospitalini.

"Sitaki kuifungua," anasema, na kucheka kicheko kisicho na furaha. "Kila asubuhi ni hivi hivi. Nikikuta watu hawajanunua, naogopa. Nikikuta wamenunua wengi, naogopa zaidi."

Ana miaka thelathini na mmoja, na ameajiriwa katika karakana ya viatu: chumba kirefu cha sakafu ya saruji, kinachonuka gundi na ngozi, ambamo mafundi wanne wanakata, wanashona na kugonga. Yeye hashiki nyundo wala sindano. Kwenye meza ya dirishani anaandika matangazo yanayotokea kwenye simu za watu, na anatengeneza ukurasa wa mauzo, yaani pale mtu anapofikia akishalibofya tangazo. Jina la Dada Tangazo alipewa na mafundi kwa utani. Siku hizi hata mama yake mzazi, anayeishi naye katika vyumba viwili vinavyomeza theluthi ya mshahara wake, anamwita hivyo hivyo.

Viatu vyenyewe si vya urembo. Ni vipana, laini kwa ndani, vya watu ambao miguu yao imevimba au imekufa ganzi kwa kisukari.

"Tangazo ni kumwita mtu mlangoni," anaeleza. "Ukurasa ni kumkaribisha ndani. Ukimwita kwa jambo moja, akiingia akakuta jingine, anageuza. Na ana haki yake."

Kosa hilo walilifanya mwanzoni kabisa. Tangazo lilionyesha mguu uliovimba, na maneno: "Kiatu kinachoingia bila kusukumwa. Agiza sasa." Watu mia nne na kumi wakabofya ndani ya siku tatu. Huko ndani wakapokewa na picha ya kiatu cheusi chembamba, chenye ncha, fahari ya mwenye karakana. Walionunua walikuwa watatu.

Mwenye karakana ni mjomba wake, ndiye aliyemsomesha tangu darasa la nne. Kumbishia mtu wa namna hiyo si kazi ndogo. Alimbembeleza wiki nzima mpaka picha ikabadilishwa, na mauzo yakapanda hadi oda hamsini kwa wiki. Karakana nzima ikachangamka.

Ndipo simu ikaita, miezi miwili iliyopita. Alikuwa binti wa mteja, na hakupiga kelele hata kidogo.

"Mama amevaa kiatu chenu siku tatu," alisema. "Kumbe kinambana. Hakujua, kwa sababu miguu yake haisikii kitu. Sisi tumekuja kuona damu kwenye soksi."

Ukurasa ulimtaka mteja achague namba tu, arobaini au arobaini na moja, basi. Namba haijui uvimbe. Kidonda kile kilipona baada ya wiki tatu, lakini aliyeandika tangazo hajapona mpaka leo. Anasema usiku anaota soksi.

Akaongeza hatua moja kwenye ukurasa. Kabla ya kulipa, mteja asimame juu ya karatasi jioni, wakati mguu umevimba zaidi, auchore kwa kalamu, kisha atume picha ya mchoro, mguu wa kulia na wa kushoto. Bila picha hizo mbili, kitufe cha kununua hakifunguki.

Wateja wakatimua mbio. Kati ya kila mia waliofika kwenye hatua hiyo, tisini na mmoja waliishia hapo. Oda zikashuka hadi kumi na mbili kwa wiki, na mafundi wawili wakaambiwa waje nusu siku.

Jumatatu ya wiki hii mjomba alikuja mezani kwake.

"Mwanangu, hiyo karatasi inafukuza wateja. Itoe."

"Mjomba, nakuomba."

"Unaniomba nini? Nifunge karakana?"

"Nipe mpaka Jumamosi."

Mzee alijikuna kidevu. "Oda arobaini, Jumamosi saa sita mchana. Zikipungua, karatasi inatoka. Na sitaki kuona machozi."

Maji yakamfika shingoni. Kwa kukosa la kufanya, akampa simu fundi mkongwe, anayeitwa Babu Soli, mtu asiyewahi kununua hata sindano mtandaoni. Akamwambia alisome tangazo, abofye, na aseme kwa sauti kila linalomjia kichwani.

Babu Soli akasoma, akabofya, akafika kwenye karatasi. Akaruka.

"Ala! Mmeniambia niagize sasa, mara mnanituma karatasi na kalamu! Mimi niko zangu kwenye foleni benki, karatasi naitoa wapi? Na jioni yenyewe haijafika!"

Dada Tangazo anasema alitamani kumkumbatia. Kwa wiki kadhaa alikuwa akiilaumu karatasi, kumbe kosa lilikuwa kwenye tangazo, lililokuwa likimharakisha mtu aje kuambiwa asubiri.

Siku hiyo hiyo akaandika upya. Picha mpya: mguu halisi juu ya karatasi, na mkono ulioshika penseli. Maneno: "Leo jioni chora mguu wako. Kiatu tutakishona kuufuata." Ukurasa nao unaanza na picha ile ile na maneno yale yale, na chini yake kuna kitufe kipya: "Nikumbushe jioni."

Babu Soli hakukosa la kusema. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mkitangaza sana hivi, nitaanza kuvishuku viatu vyangu mwenyewe."

"Babu, siku hizi hata chema kinajitembeza," akamjibu.

Jumanne waliobofya walipungua nusu. Anakiri kwamba nusura alirudishe tangazo la zamani. Jumatano zikaingia oda saba. Alhamisi kumi na mbili. Hadi jana jioni zilikuwa thelathini na tatu kwa jumla.

Sasa anavuta pumzi, anaifungua kompyuta. Thelathini na sita.

Saa tano na nusu, thelathini na nane. Mjomba anaingia, anasimama nyuma ya kiti chake, mikono mgongoni.

"Ngapi?"

"Mbili bado, Mjomba."

Anainamia kompyuta. Mafundi nao wameacha kugonga. Zikiwa zimebaki dakika saba, kompyuta inalia. Oda ya thelathini na tisa.

Anafungua picha. Mguu wa kushoto umechorwa vizuri, kwa mkono uliotulia. Mahali pa mguu wa kulia, mteja ametuma karatasi nyeupe, haina hata alama. Chini yake kaandika: "Wa kulia ulikatwa mwaka jana. Kiatu kilinibana, sikusikia. Nimebaki na huu."

Mjomba anasoma. Anavaa miwani, anasoma tena.

"Tunauzaje kimoja?" anauliza hatimaye.

"Hatuuzi. Ukurasa hauna kitufe cha kimoja."

"Kiweke. Kwa nusu bei."

"Na karatasi?"

"Karatasi ibaki. Wewe weka kitufe."

Saa sita inapita bila mtu kuitaja. Dada Tangazo anapangusa macho haraka, asije akaonekana. Mpango wake, anasema, ni kutengeneza ukurasa mwingine kabisa kwa watu wa kiatu kimoja, na tangazo lake lenyewe, na sauti ya kuwasomea wasioona vizuri. Anaogopa namna ya kuwaita watu hao bila kuwaumiza, ila atajaribu.

Kwanza anachukua simu na kuipiga namba iliyo kwenye oda.

"Shikamoo. Napiga kutoka karakana ya viatu," anasema. "Samahani, nina swali moja. Huo mguu wa kushoto, ukiufinya, unasikia?"