Pindo la Vidole Vinne

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa kuwa kila gauni la mtoto aliliachia pindo la vidole vinne, mteja atake asitake. "Mtoto hukua, kitambaa hakikui," alisema, na mwenye kubisha alionyeshwa mlango.

Fundi huyo huyo ndiye aliyekuja kulala siku tatu bila kula wala kusema, mumewe akiwa hajatimiza miezi miwili kaburini. Jirani alimkuta binti wa fundi, wa miaka mitatu, akilamba unga mkavu. Watu wa ustawi wa jamii wakamchukua mtoto, wakampeleka kituo cha watoto. Mama akapelekwa wodi ya wagonjwa wa akili. Dawa alizimeza bila kukosa, lakini maradhi huja yakikimbia, huondoka yakitambaa.

Mwezi wa kumi tangu watenganishwe akaitwa kituoni. Afisa wa ustawi alikaa na faili mapajani. Leo angetazama kama mtoto bado anamjua mamaye; kama hamjui, atabaki pale mwaka mwingine.

Mtoto alijibanza nyuma ya sketi ya mlezi.

"Nenda kwa mama."

"Mama si wewe?" mtoto akamwuliza mlezi.

Afisa akaandika. Mama Pindo hakulia. Alitoa mfukoni gauni alilolishona kwa vipimo vya kichwani mwake. Mlezi akamvisha mtoto. Likaishia juu ya magoti.

"Amekua, dada."

"Nimeona. Livue, unipe na mkasi."

Afisa na mlezi wakatazamana.

"Nakata uzi, mwanangu, sikati mtu," Mama Pindo alimwambia afisa, ingawa kwa umri afisa ndiye angeweza kumzaa yeye.

Mkasi ukaletwa. Akaketi sakafuni, akafumua pindo, nyuzi zikidondoka kwenye saruji. Nyumbani, kuokota nyuzi ilikuwa kazi ya mtoto yule. Alikuwa akiziokota na kuzizungusha kwenye kidole gumba cha mamaye. Sasa hakuna aliyemwita. Alitoka nyuma ya sketi, akachuchumaa, akaokota mmoja, akaokota wa pili, kisha akakivuta kile kidole na kukizungushia uzi bila kumtazama mwenyewe usoni.

Mama akaweka mkasi chini. "Usikaze sana."

"Umechelewa."

"Nimechelewa, mama."

Afisa alikata mstari aliouandika, akaandika mwingine: arudi nyumbani, mwezi mmoja wa majaribio.

"Kuanzia leo?" Mama Pindo aliuliza.

"Jumatatu, mama."

Basi akatunga uzi kwenye sindano, akalipinda gauni upya, vidole viwili tu safari hii, mtoto apate la kuvaa mpaka Jumatatu.