Dada Yangu Katika Filamu Mbili

Filamu ya kwanza ilitengenezwa Makindye, katika nyumba niliyopanga na dada yangu mkubwa tulipofika Kampala tukikimbia vita vya kwetu, Kongo. Jirani yetu alikuwa Mkenya, mpiga video za harusi, na studio yake ilikuwa Old Kampala, juu ya duka la vitambaa. Alikuwa amechoshwa na maharusi. Alitaka kutengeneza filamu ya kutisha, akamwomba dada acheze mwanamke mgeni ambaye kila anayekula chakula chake hufa, mpaka siku majirani wanapokuja na mienge, wanavunja mlango na kumchoma moto humo ndani.

Dada alikubali kwa kuwa wazo hilo lilimchekesha. Tangu tuvuke mpaka sikuwa nimemwona akicheka. Alijipaka masizi chini ya macho, akakaa mbele ya kamera akimenya matoke na kutabasamu taratibu, na hata mimi niliyekuwa nimeshika taa nilihisi nywele zikinisimama.

Tatizo ni kwamba dada yangu aliuza chakula. Alikuwa na meza ya maharage na chapati karibu na kambi ya jeshi, na meza hiyo ndiyo iliyotulisha. Filamu ilipoingia kwenye vibanda vya video, ambako mfasiri huwatafsiria watazamaji kwa Kiganda huku akiongeza chumvi yake, wateja walianza kupungua. Mwanzoni walitania. Baadaye hawakuja kabisa. Watoto walimwita mulogo, yaani mchawi, kisha wakatimua mbio. Mwanamke mmoja aliyekuwa rafiki yake alifiwa na mtoto kwa homa, akakumbuka kwamba mtoto yule aliwahi kula chapati kwetu.

Yule Mkenya alipojua, akawa anakuja kula mezani petu kila mchana, akikaa upande wa barabara makusudi ili aonekane. Alizunguka vibandani akiomba kanda zirudishwe, lakini zilikuwa zimekwisha kunakiliwa na kusambaa. Mwenye nyumba akatuambia tutafute pengine. Jioni tuliyohama, watu walisimama wakitutazama tukitoa vitu. Dada alinishika mkono. "Wakija," akaninong'oneza, "usikimbilie ndani."

Hawakuja. Tulihamia Bukoto, chumba cha nyuma ya fleti. Mimi nikashona nguo, na yeye hakumpikia tena mtu asiye wa damu yake. Miaka ikapita. Kisukari kikampata, kisha kikaanza kumla macho, na daktari hakutuficha kwamba nuru iliyobaki haitadumu.

Ndipo binti wa yule Mkenya alipotutafuta. Baba yake alikuwa amefariki, na yeye sasa alikuwa mtengenezaji wa filamu. Alitaka kuitengeneza upya filamu ya baba yake. Nilimwambia aondoke. Dada akasema aketi.

Aliketi ukingoni mwa kitanda akaeleza mpango wake. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia ana sharti moja tu, kwamba safari hii asichomwe. Binti alijibu kwa upole kwamba mwisho ule ndio filamu yenyewe, kwamba baba yake alijenga kila kitu kuelekea pale. Akiuondoa, atakuwa ametengeneza kitu kingine na kukipachika jina la baba.

"Mimi nilikuwa nauza chakula, mwanangu," dada akasema. "Wateja walipoondoka, mwisho ule ndio ulionibakia mezani."

Binti aliaga, na kwa wiki kadhaa hatukumsikia. Aliporudi alikuwa amefikiri. Nyumba itabaki ile ile, matoke yatabaki, umati na mienge vitabaki, kwa heshima ya baba. Lakini kamera itakaa ndani na yule mwanamke tangu mwanzo, na mtazamaji atajua kwamba watu wanakufa kwa maji machafu ya kisima, si kwa mkono wake. Filamu itaisha kabla mlango haujafunguka.

Dada alikubali. Aliomba tu aione kabla macho hayajazimika. Ile ya kwanza, alisema, ameishi nayo kwa macho ya watu. Hii alitaka kuiona kwa macho yake mwenyewe.

Nikaanza kuogopa. Mvua ilinyesha mfululizo. Jenereta likafa. Msichana aliyecheza nafasi ya dada akaacha kazi, akatafutwa mwingine, ikabidi warudie kila kitu. Asubuhi moja dada aliniuliza kama kuna mawingu, na nje jua lilikuwa kali. Siku nyingine alimimina chai nje ya kikombe. Nilikwenda kumwomba binti atuoneshe chochote alichonacho, hata kama hakijakamilika. Akaja na kompyuta yake siku ile ile. Dada aliinama mpaka pua ikagusa kioo.

"Kuna mwanga," akasema. "Kuna kitu kinapita."

Filamu ilipokamilika alikuwa haoni kabisa. Tulikwenda hivyo hivyo, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi mdogo uliojaa watu, nami nikamsimulia sikioni. Sasa anamenya matoke. Sasa anachungulia dirishani. Kisha umati ukaanza kusikika, kwanza kwa mbali, halafu pande zote za ukumbi, na mimi nikakosa cha kusimulia kwa sababu kwenye skrini palikuwa na giza tu na ubao wa mlango.

"Yule mwanamke yuko wapi?" dada akauliza.

"Haoneshwi. Tuko ndani pamoja naye."

Kucha zake zilizama mkononi mwangu. Akasimama, akajigonga kwenye viti akitafuta njia. Nilimkumbatia nikamwambia hakuna mtu, ni spika. Hakunisikia. Nilimtoa nje nikimkokota, huku nyuma yetu umati wa filamu ukigonga mlango.

Binti alitufuata. Akapiga magoti mbele yake, akamwomba radhi, akamuuliza kama aiharibu filamu hiyo.

Dada akamgeukia. "Baba yako alionesha nilivyoonekana. Wewe umeonesha nilivyosikia nikiwangoja. Sikukuomba hilo." Akafuta uso kwa kitenge. "Lakini ni kweli. Iache."

Ikaachwa. Ilioneshwa kwa muda, kisha zikaja nyingine. Siku hizi dada hupitisha mchana mzima bila kutamka neno. Nikimuuliza kama amechoka, hutikisa kichwa kukataa. Sijui tena la kumfanyia, isipokuwa kusogeza cherehani karibu na kitanda chake na kuendelea kushona, ili asikie kwamba kuna mtu.