Kinanda cha Wambui hakilii

Wambui wangu ameunda kinanda kwa mikono yake mwenyewe!

Hamjambo lakini?

Vitufe vimetoka kwa redio za kaseti zilizokufa. Nilizunguka mafundi wote wa Ruiru nikiviomba. Msichana wa nani mwingine hapa mtaani kwetu Landless anaweza hiyo?

Basi leo nikaita majirani. Chai ikaiva, mchungaji akakiombea.

Nikamhimiza Wambui, akabonyeza.

Kimya.

“Bonyeza kwa nguvu, mami!” nikamwambia.

“Mama, si nilikwambia? Hiki chenyewe hakilii. Kinaamuru kompyuta, na kompyuta ndiyo inalia.”

“Na hiyo kompyuta iko wapi?” Mama Njoroge akauliza, mdomo umejaa mandazi yangu.

Ilikuwa ya mwalimu wake kule Juja. Asubuhi mwalimu alinipigia simu dukani kwangu kusema imeungua. Mimi nilidhani tutaanza tu bila hiyo.

Sasa mtoto amelala akiangalia ukuta. Kompyuta nyingine sioni itatoka wapi. Kuna yeyote wenu anayo?

Na kanisani nilishatangaza kwamba Jumapili atakipiga, hata kwa kipaza sauti.

Haya, Jumapili njooni wote. Wambui atabonyeza, na kulia tutalia sisi.