Mama Anhapi na lifti ya mashuka

Wageni bado wamelala, lakini chini kabisa ya hoteli, katika chumba cha kufulia kisicho na dirisha, mashine tatu zinanguruma na kicheko cha mwanamke mmoja kinazishinda zote. Anayavuta mashuka mabichi kutoka kwenye tumbo la mashine, anayatupia kwenye toroli, anaisukuma hadi kwenye lifti ya mizigo na kubonyeza kitufe. Mlango unafunguka.

"Ingia, malkia," anaiambia toroli.

Wenzake wanamwita Mama Anhapi. Anayejua Kiingereza atashangaa, maana "unhappy" ni mtu asiye na furaha, na mama huyu ana mdomo wa masihara tangu anaingia kazini hadi anavua aproni. Lakini jina hilo amelitolea jasho, na hataki kuitwa lingine.

Kazi ya dobi hapa ni kufua chini na kuanika juu paani, ghorofa tano kutoka hapo. Mwaka juzi lifti ya mizigo iliharibika. Ile ya wageni, wafanyakazi hawaruhusiwi hata kuisogelea. Wafuaji wakaanza kupanda ngazi, mabeseni kichwani, maji yakiwachuruzika mgongoni.

"Shuka kavu ni kitambaa," anasema. "Shuka mbichi ni mtu mzima aliyezimia."

Malalamiko waliyapeleka kwa msimamizi wao, ambaye kila mara aliitikia kwa kichwa na kuondoka. Huyo ndiye aliyekuwa mkalimani kati yao na mwenye hoteli, tajiri asiyejua Kiswahili, anayefika kwa nadra.

Katika ziara moja, tajiri huyo alishuka hadi chumba cha kufulia akauliza jambo kwa Kiingereza. Msimamizi akajibu huku anatabasamu. Katika maneno yote hayo, mama alinasa moja tu: hapi, yaani mwenye furaha.

"Hilo nalijua tangu utotoni, linaandikwa juu ya keki," anakumbuka. "Nikajiuliza, nani huyo hapi? Mimi? Na bega hili?"

Wiki hiyohiyo, binti anayefua naye, ambaye mama humwita "mdogo wangu", aliteleza kwenye ngazi na beseni lake. Akavunjika mkono. Mama ndiye aliyemfunga kwa foronya na kumkimbiza hospitali.

Alipotoka huko hakwenda nyumbani. Alipanda hadi kwenye chumba kilicho juu ya duka la viatu, ambako mwalimu mstaafu huwafundisha watu wazima Kiingereza. Mwalimu akamuuliza angependa kuanzia wapi.

"Nataka kinyume cha hapi."

"Weka 'un' mbele yake. Unhappy."

"Hivyo tu, mwalimu? Mwaka mzima nabeba mashuka kwa kukosa herufi mbili?"

Darasa lilivunjika mbavu. Mwalimu akamweleza kuwa neno hilo si la msiba tu, ni la mtu asiyeridhika pia, kisha akamtaka alitungie sentensi. Alipoleta "I unhappy", aliambiwa imekosa "am". Alipoleta "The soap is unhappy", aliambiwa sabuni haina moyo.

Nyumbani, mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, ndiye aliyekuwa mwenye hoteli wa mazoezi.

"Nilipata tabu," anasema mume. "Kila nikiingia mlangoni napokewa na 'I am unhappy'. Majirani wakaanza kuniuliza, vipi shemeji, kulikoni humo ndani?"

Tajiri aliporudi, binti naye alikuwa amerejea kazini, mkono ungali na bandeji. Swali likaulizwa lilelile. Msimamizi akatoa jibu lilelile.

"No," ikasikika sauti ya mama.

Akazitoa sentensi kama zilivyokuwa ubaoni. "I am unhappy." Akamwonyesha binti: "She is unhappy." Akazungusha mkono chumba kizima: "We are unhappy." Na kwa kuwa mwalimu alikwisha kuwafikisha kwenye nyakati, hakuiacha jana wala kesho: "Yesterday we were unhappy. Tomorrow we will be unhappy."

"Why?" akauliza tajiri. Kwa nini?

Hilo hawakulifanyia mazoezi. Akanyoosha kidole kwenye mlango wa lifti.

"The lift is unhappy."

Tajiri akaangua kicheko. Mama hakucheka. Aliinua beseni la mashuka mabichi, akamkabidhi mikononi, akafungua mlango wa ngazi.

"Come."

Akaenda, na suti yake na viatu vyake vinavyong'aa, msimamizi na binti nyuma yake. Ghorofa ya pili alikuwa anahema. Ya tatu alilitua beseni, akaketi kwenye ngazi na kulegeza tai. Maji yalikuwa yamemlowesha hadi soksi. Akamtazama binti mwenye bandeji, kisha akamgeukia msimamizi.

"Now I am unhappy," alisema.

"Hapo hatukuhitaji mkalimani," anasema mama.

Mafundi walifika kesho yake, na binti akarudishiwa gharama za matibabu. Siku lifti ilipopona, wafuaji walimsukumia mama ndani pamoja na toroli ya kwanza, akapanda hadi paani kwa vigelegele, akatoka mikono juu kama bingwa wa ndondi.

Msimamizi hakufukuzwa. Mama mwenyewe ndiye aliyemwombea.

"Nami nina watoto," anasema msimamizi bila kukwepa. "Niliogopa kwamba nikisema kuna tatizo, tatizo nitageuka mimi." Siku hizi hutafsiri mama akiwa amesimama kando yake, na anakiri kuwa hajawahi kutafsiri kwa uangalifu kiasi hicho.

Wafuaji wengine, binti akiwemo, wamejiunga na darasa la juu ya duka la viatu. Wote bado ni vibarua, na ajira ya kudumu wameahidiwa tangu zamani. Mama anafuta mikono kwenye aproni.

"Sasa najifunza kuuliza 'when', yaani lini," anasema. "Mwezi ujao anakuja. Nitamuuliza mikataba yetu ni lini, na nitasimama palepale mpaka ataje tarehe."